Jani Lililopokelewa kwa Niaba Yangu

Nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, kama tawi la mgrivea linapovunjwa gotini kwa ajili ya kuni, na wazo la kwanza lililonijia ni kwamba gongo la mtu limevunjika, mechi itasimama, tutatafuta lingine. Nikataka kugeuka nione ni la nani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimesimama. Nyasi zilikuwa karibu mno na jicho langu, na pale ambapo Mlima Meru ulipaswa kuwa palikuwa na weupe usio na umbo. Magongo yote uwanjani yalikuwa mazima. Kilicholia kilikuwa kichwa changu.

Naitwa Ndeshi. Naandika riwaya, na kabla ya siku ile Jumamosi zangu zote zilikuwa za mpira wa magongo, mchezo ambao hapa Arusha watazamaji wake ni ndugu za wachezaji na wapita njia wanaouliza kwa nini wasichana wanapigana kwa fimbo. Hatupigani. Gongo ni la kusukuma mpira mdogo, mgumu kama jiwe, na sheria inakataza kulinyanyua karibu na mwili wa mwenzako. Naandika haya sasa, kwa kuwa naweza tena kuandika, kwa ajili ya mtu aliyelala kwenye chumba chenye giza na hajui kama atarudi kuwa yeye. Huenda hawezi kusoma. Basi na amsomee yule aliyekaa kando ya kitanda chake, polepole, kwa sauti ya chini.

Mpira ulikuwa umeshaondoka kwenye gongo langu. Hili nimesimuliwa na wengi na wote wanakubaliana. Haika, beki wa timu pinzani, msichana mrefu mwenye mabega ya mbeba mizigo, alikuja kutoka nyuma na gongo lake likiwa juu, likanipata juu ya sikio, kisha bega lake likanimalizia, kisha ardhi nayo ikachukua zamu yake. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano. Alikaa nje dakika chache, akarudi, akamaliza mechi.

Mimi pia nilirudi. Kocha wetu alipiga magoti mbele yangu akanyanyua mkono.

“Ndeshi, hivi ni vidole vingapi?”

“Vitatu,” nikasema. Nilikuwa nimebahatisha.

“Huyu mzima,” akawaambia wenzangu, akanimwagia chupa ya maji kichwani, akanisukuma uwanjani. Wanasema nilicheza vizuri. Wanasema hata niliomba pasi. Mimi sina kumbukumbu ya hayo, na kila nikisimuliwa nahisi kama naambiwa habari za ndugu yangu aliyekufa nikiwa mdogo. Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili: aliyepigwa kichwani asirudi uwanjani siku hiyo, hata akiapa kwa jina la mama yake.

Nilitapika tukiwa tunavua viatu. Zuhura, kipa wetu, ndiye aliyenishika. Yeye hakuwa amecheza. Alikuwa amefungiwa msimu mzima kwa kosa la kuzungusha gongo juu na kumkosa mtu. Kumkosa, si kumpata. Alikaa kwenye mstari kila Jumamosi akiwa na nguo zake za nyumbani, akitushangilia, na ndiye aliyesema, “Huyu apelekwe hospitali sasa hivi,” wakati wengine wanatafuta soda ya kunipa.

Masika yalikuwa yanaisha. Kwenye benchi la hospitali matope yalikuwa yamekauka kwenye viatu vya kila mtu, na sakafu ilikuwa na ramani za udongo mwekundu. Sikujua kuwa mwanga una uzito. Taa ya bomba juu yetu ilikuwa inalia, sauti nyembamba kama ya mbu, na nilipouliza kwa nini hawaizimi, Zuhura alisema hailii. Televisheni ilikuwa inatangaza sabuni. Niliziba masikio, nikafumba macho, na bado vyote viliingia.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinigusa goti. Alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Usa River. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya miiba ya waridi, mengine mapya. Alivua kanga yake ya pili mabegani akanifunika nayo kichwa chote, kama mtu anavyofunika unga usiingie vumbi.

“Funika, mwanangu,” akasema. “Taa hizi zimewekwa kwa ajili ya wazima.”

Nilikaa humo ndani ya kanga nikivuta harufu ya jasho na majani mabichi, na kwa mara ya kwanza tangu uwanjani niliacha kutetemeka. Alipoitwa yeye nikataka kumrudishia. Akakataa. “Utanipa siku utakayoona vizuri.” Sikumuuliza jina. Bado ninayo.

Daktari alikuwa kijana na amechoka. Alisema picha haionyeshi damu, fuvu lina ufa mdogo utakaojifunga wenyewe, lakini ubongo umetikisika vibaya. Dawa yake ni giza na ukimya. Nisisome, nisiandike, nisiangalie simu.

“Kwa muda gani?” nikauliza.

“Ubongo wako haujaniambia bado. Ukikuambia wewe kwanza, nijulishe.”

Nilimpenda kwa jibu hilo. Wengine wote walikuwa wananipa tarehe.

Chumba changu kiko Engutoto, karibu na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo nilipandishwa Nkoaranga, kijijini kwa wazazi wangu. Mama alitundika blanketi dirishani. Kwenye chumba kile nilimozaliwa nikajifunza mwili wangu upya, na mwili haukuwa na adabu. Kitunguu kikikaangwa jikoni nilisikia harufu ya chuma. Nikisimama, sakafu ilisimama pamoja nami. Nilimtaka Mama anipe kijiko nikasema anipe kiatu, naye akaniletea kiatu, akakishika mbele yangu bila kucheka, akingoja. Nywele upande ule zilinyolewa, na zilipoota ziliota laini, kama za mtoto, na hadi leo upande huo hauchaniki sawa na mwenzake. Nililia kwa sababu ya kikombe. Nililia kwa sababu ng’ombe amekohoa. Mvua ikipiga bati nilijifunika mito miwili na kuuma shuka.

Kuhusu kusoma, nitasema kidogo maana bado kunauma. Nilijaribu kwa siri, pembe ya blanketi ikiwa imenyanyuliwa, kitabu changu mwenyewe, riwaya yangu ya kwanza na ya pekee. Herufi zilitembea. Mstari mmoja ulikuwa siafu, wenye haraka, wenye safari yao. Nilijua kuwa sentensi zile nimeziandika mimi na sikuweza kuingia hata moja.

Mama alinikuta hivyo. Hakunigombeza. Alichukua kitabu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango palipokuwa na mwanga wa kumtosha, akaanza kunisomea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote na alisoma kama vile darasa zima linamfuata kwa kidole. Hakuwahi kukisoma kabla. Aliniambia siku zote kwamba anakitunza. Kila alipofika mahali fulani alikohoa.

“Hapa kuna mambo ya vijana. Tunaruka.”

“Mama, ukiruka hapo hutaelewa kwa nini alimwacha.”

“Nitaelewa. Niliolewa mimi.”

Na Baba. Baba yangu ni mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Milango ya nyumba yetu, mbao za zamani, ilikuwa imevimba kwa mvua za miaka, na namna ya kuifunga ilikuwa kuipiga kwa bega. Tangu utoto wangu nilijua Baba ameingia au ametoka kwa ngurumo ile. Siku ya pili au ya tatu ya kukaa gizani, mlango wa jikoni ulipigwa nikapiga kelele. Nyumba ikanyamaza. Baadaye nikasikia kitu kinakwaruza, taratibu, taratibu, na harufu ya mbao ikaingia. Baba alikuwa ameing’oa milango yote kwenye bawaba zake, ameilaza uani, anaipiga randa. Alipoirudisha, aliifundisha nyumba nzima: shika kitasa kwa mkono mmoja, ubao kwa mkono wa pili, uusindikize mpaka ufike. Wageni walifundishwa. Mchungaji alifundishwa. Hadi ndugu zangu wadogo wa upande wa shangazi, waliozoea kuingia kama mafuriko, walijifunza.

Ndiyo maana sikuwasikia akina Haika wakiingia.

Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umekaa juu ya migomba mpaka mchana, na watu wameanza kuchuma kahawa. Nilisikia kwanza kondoo. Kisha sauti ya mwanamume mzima nisiyemjua, akitoa shikamoo kwa Baba na kwa Mama, na nikajua wameleta nini kabla halijatajwa.

Kwetu Meru, kama kwa majirani zetu Wachaga, isale ni mmea mrefu wa kijani unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi ya wazee. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa na aliyekosea, aliyekosewa halikatai. Anaweza kulia kwanza, anaweza hata kutukana, lakini mwisho mkono utanyooka. Na likishapokelewa, jambo limekufa. Halitajwi kikaoni, halitajwi msibani, halitajwi hata kwenye pombe.

“Mzee wetu,” alisema yule mwanamume, ambaye nilikuja kujua ni baba mdogo wa Haika, “tumekuja na aibu yetu mkononi. Mtoto wetu amemuumiza mtoto wako.”

Mama akasema, “Mwenyewe amelala. Tungengoja aamke.”

“Watu hawasimamishwi nje na isale mkononi,” Baba akajibu.

Sikuwa nimelala. Nilitaka kusema ngojeni. Siku zile kila neno lilikuwa linatoka mbali, linapanda kilima na mzigo, na lilipofika mdomoni kondoo alikuwa ameshafungwa kwenye mgomba na Baba ameshashukuru.

Waliomba Haika anione. Alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake, kwa hiyo sikuuona uso, niliona tu umbo lile lile la mabega.

“Pole, Ndeshi.”

“Asante.”

“Sikukusudia kichwa.”

“Ulikusudia nini?”

Akafikiri. Namshukuru kwamba alifikiri. “Nilikusudia wewe,” akasema. “Tangu shule nacheza hivyo. Leo napuliziwa filimbi, kesho kitu kile kile naambiwa cheza, na kocha anapiga makofi. Nitajuaje lini nimezidisha?” Akaanza kulia, na kulia kwake kulinitoboa kichwa, nikamwomba aende. Aliufunga mlango kwa mikono miwili. Walikuwa wameshamfundisha.

Baba alilileta jani akaliweka dirishani, nyuma ya blanketi. “Yameisha, mama,” akaniambia. Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Alisema kwa upole mkubwa, kama mtu aliyelipa deni la mwenzake, na sikuwa na maneno ya kumwambia kwamba deni hili nilikuwa nataka kulidai.

Haikupita wiki, katibu wa kamati ya nidhamu ya mchezo akampigia Baba simu. Amesikia familia zimepatana. Kamati imefurahi. Wao wenyewe ni watu wa hapa hapa, wanaheshimu mila, hawana haja ya kufukua. Shauri likafungwa kabla halijafunguliwa, na Jumamosi iliyofuata Haika akacheza.

Zuhura ndiye aliyeniletea habari. Kwao ni Kondoa kwa asili, mama yake anauza kachori na vitumbua mjini, na alipanda njia zote zile za utelezi akiwa na mfuko wa kachori umelowa mafuta. Alikaa sakafuni gizani, akanong’ona, maana alikuwa amefundishwa.

“Kwa hiyo Haika yumo uwanjani na mimi niko nje.”

“Ndiyo.”

“Sawa. Yeye amepiga kichwa, kichwa kina baba mwenye huruma. Mimi nilipiga hewa, hewa ilikuwa na shangazi kwenye kamati.” Nilicheka, na kucheka kuliniuma mpaka kwenye meno. “Mwambie Mzee wako, sisi kwetu hatuna majani hayo. Ningewapelekea nini mimi, kachori?”

“Wangezila.”

“Wangezila, halafu wangenifungia.”

Alipoondoka nilibaki na wazo ambalo halikuniacha kipindi chote cha baridi. Kwamba nilikuwa naugua ugonjwa ambao, kwa maandishi na kwa mdomo, haukuwa na aliyeusababisha. Nikimwambia Mama kwamba nina hasira, alitazama tu dirishani kwenye lile jani. Walinilisha, waliniogesha, walinisomea. Jambo moja tu hawakuweza kunipa, nalo ni mtu wa kusema pamoja nami kwamba hili nimefanyiwa.

Wenzangu wa kundi la waandishi walikuja mara moja kutoka mjini. Waliongea kwa kasi, wote kwa pamoja, kama tulivyozoea. Mmoja, ninayempenda sana, aliniambia kwa nia njema, “Ndeshi, humu ndani kuna riwaya.” Nilimwomba Mama awasindikize. Nilikuwa nataka kichwa. Riwaya ningeitafuta mwenyewe.

Kahawa ilipokuwa inaelekea kuisha nilianza kwenda hospitali kwa mazoezi. Fuata kalamu kwa macho bila kugeuza shingo. Simama kwa mguu mmoja. Tembea juu ya mstari wa sakafu kama mlevi anayemdanganya polisi. Kwenye benchi la kungojea tulikuwa tunajuana: dereva wa pikipiki aliyesahau majina ya watoto wake, bibi aliyeanguka kisimani. Hatukuulizana habari. Tulikuwa tunagawana upande wenye kivuli, na aliyekuja na kofia pana aliipitisha. Siku niliyosimama kwa mguu wa kushoto bila kushika ukuta, yule dereva alipiga makofi bila sauti, viganja vikisimama kabla havijagusana. Ni shangwe nzuri kuliko zote nilizowahi kupigiwa uwanjani.

Mvua za vuli zilipoanza nilirudi Engutoto. Baba alinitangulia. Mlango wangu ni wa chuma na ulikuwa ukifungwa unalia mtaa mzima. Alikuja na tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande, akaibandika kuzunguka fremu yote kwa gundi ya fundi viatu. Akafungua, akafunga. Akafungua, akafunga. “Sikiliza,” akaniambia, na hapakuwa na cha kusikiliza, naye akatabasamu.

Huko niliandika mistari mitatu. Siku iliyofuata nikaandika miwili. Nilijua nimepoteza kitu, sina hakika ni nini. Sentensi zangu za zamani zilikuwa ndefu na zenye ngazi, hizi za sasa zinapumzika mara kwa mara. Nimezizoea. Uwanjani daktari alinikataza moja kwa moja, na gongo langu nimempa Zuhura.

Kisha Haika akampiga Upendo.

Upendo alikuwa msichana wa msimu wake wa kwanza, winga mwepesi, simjui sana zaidi ya kwamba alikuwa anafunga kamba za viatu vyake kwa mafundo mengi kama mtu anayefungasha mzigo wa safari. Mpira ulikuwa umeshaondoka. Gongo lilikuwa juu. Sikio lake la kulia halisikii tena.

Safari hii kamati iliitisha kikao, kwa sababu kuna mtu alirekodi kwa simu. Katibu alinipigia mwenyewe. Alikuwa mnyenyekevu. Alinieleza kwamba kwa kumbukumbu zao Haika hana kosa lolote, kwa hiyo hili ni kosa la kwanza, na kosa la kwanza ni onyo. Isipokuwa kama mtu atakuja aseme, kwa mdomo wake, kwamba si la kwanza.

“Mliniona nimelala uwanjani,” nikamwambia. “Mwamuzi alikuwepo.”

“Ni kweli, dada. Lakini ninyi mliyamaliza.”

Nitasema sasa jinsi kikao kilivyoisha, maana si mwisho wa habari hii. Nilikwenda. Nilivaa miwani yangu myeusi, nikasema yote kwa sentensi zangu fupi, Haika akiwa amekaa mbele yangu, ameinamia mikono yake. Hakubisha hata neno moja. Wakamfungia mechi zilizobaki za msimu, nazo zilikuwa chache. Zuhura, aliyepiga hewa, alikuwa bado yuko nje. Aliponingoja getini aliniuliza wamempa ngapi, nikamwambia, akatazama mlima kwa muda. “Basi hewa inauma kuliko kichwa,” akasema, akanishika mkono tukavuka barabara.

Sijui kama nilichofanya kilitosha kumlinda msichana anayefuata. Najua kwamba sasa kuna neno kwenye kumbukumbu, na anayefuata hatakuwa wa kwanza. Na kwako wewe uliyelala gizani, nakuambia kwamba utapona kwa kiasi fulani, na kiasi hicho kitatosha kuishi. Mwanga utapungua uzito. Kijiko kitarudi kuwa kijiko. Lakini kuna mambo mengine ugonjwa wa kichwa unayavunja ambayo hayapo kichwani, na kwa hayo sina zoezi la kukupa. Ninaweza tu kukusimulia siku moja kabla ya kikao.

Baba alikuja mchana, mvua ikiwa imekatika, na kikapu mkononi.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Kichwa?”

“Kinauma jioni tu.”

“Jioni kila mtu kinamuuma.”

Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kofia gotini. Alikataa chai. Alitazama meza yangu, karatasi, kalamu, ile kanga ya mama wa Usa River iliyokunjwa, halafu akatazama mikono yake.

“Nimesikia kamati imekuita.”

“Imeniita. Nitakwenda kesho.”

“Lile jani,” akasema, “lilipokelewa na mkono huu. Sikulipokea kwa niaba ya kanisa wala ya kamati. Nililipokea kwa niaba yako.”

“Hukuniuliza.”

“Ulikuwa mgonjwa.”

“Ndiyo sababu ulipaswa kuniuliza, Baba. Aliyeugua ni mimi.”

Kule karakana mtu alikuwa anagonga chuma, na nilimwona Baba akigeuza uso kuelekea sauti ile kwa ukali, kama ilivyo kawaida yake sasa, kuangalia kama inaniumiza.

“Babu yako alipokea isale la mtu aliyesogeza mpaka wa shamba,” akasema. “Mpaka leo tunapita kwenye shamba lile kwenda mtoni. Watoto wao wanaoa kwetu. Hakuna aliyefungua mdomo, ndiyo maana. Likishapokelewa, jambo halipo.”

“Kichwa changu kipo.”

“Najua kipo. Nani anajua kuliko mimi?” Akaizungusha kofia gotini. “Ndugu zake watakwenda na kwa huyo mtoto mwingine. Watapeleka jani, kama walivyotuletea sisi. Ni watu wa heshima.”

“Halafu watalipeleka kwa nani?”

Nilimwona akilitafuta jibu, kwa uaminifu, kwenye sakafu, kwenye ukuta, na asilipate. Lakini baba yangu si mtu wa kuacha kitu alichokishika kwa sababu tu kimemshinda kukieleza.

“Ukienda kesho,” akasema, “mimi sitakuwa tena na mkono. Sitapokea jani la mtu wala sitapeleka. Nikisimama kwenye kikao watasema, huyu mzee anapokea kwa mlango wa mbele, binti yake anatoa kwa mlango wa nyuma. Na watasema kweli.”

“Najua, Baba.”

“Na utakwenda.”

“Nitakwenda.”

Alisimama. Alitoa vitu kwenye kikapu kimoja kimoja akavipanga mezani mbali na karatasi zangu: ndizi mshare, maparachichi mawili aliyoyafunga kwenye gazeti, chupa ya maziwa mgando ya Mama. Aliligeuza parachichi moja ili upande uliopondeka uwe chini.

“Maziwa yasikae joto,” akasema. “Na dawa ya jioni usiiruke.”

“Sitairuka.”

Akavaa kofia. Hakunipa mkono. Tangu siku hiyo Mama anakuja peke yake, na nikimuuliza habari za nyumbani ananiambia ng’ombe amezaa, kahawa imechanua, na Baba hajambo.

Nilisubiri mlango. Nilikuwa nimejikaza shingo na taya, kama nilivyojikaza miezi ile yote, na kwa kweli nilikuwa natamani aupige. Nilitaka nisikie ile ngurumo ya utotoni, niumie, nijue amenikasirikia kama baba anavyomkasirikia mtoto mzima. Aliushika kitasa kwa mkono mmoja, akaweka kiganja cha pili kwenye chuma, akausindikiza polepole mpaka ukafika kwenye ile tyubu ya baiskeli, na sikusikia kitu.